Kabla ya Kumwambia Mama "Mpe Lishe Bora", Muulize Jana Alipika Nini

Posti ya 1

Mama zangu, dada zangu, na akina baba mnaosoma kimya kimya bila kulike. Nawaona.

Wiki iliyopita niliahidi nitaongea kuhusu kazi ya mtaalamu wa lishe, kwa sababu inbox yangu imejaa swali moja: "Sista, binti yangu kachaguliwa kusoma mambo ya lishe chuo kikuu, si atakuja kukosa kazi? Kupika si kila mtu anajua?" Na mwingine akauliza, "Nesi, kwani nyie hamtoshi kutufundisha chakula cha mtoto?"

Nianze na hilo la pili. Jibu ni hapana, hatutoshi. Mimi ni muuguzi, kazi yangu naipenda, ila leo nawaambia wazi hatutoshi. Ngoja niwape kisa, na kisa chenyewe kosa ni langu.

Posti ya 2

Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Wale mnaojua mnajua: benchi limejaa hadi nje, watoto wanalia, mzani unaning'inia, sisi tuko wawili. Akaja mama mdogo, umri wake kama miaka ishirini na kidogo, na mtoto wa kike wa miezi 9. Nikapima: kilo 6.6. Nikaangalia kadi, mstari ulikuwa umelala miezi miwili.

Nikamwangalia usoni nikamwambia, "Mama, mtoto hakui. Mpe lishe bora." Nikaandika kwenye kadi, nikaita anayefuata.

Ndiyo hivyo tu. Dakika tatu hazikufika.

Yule mama alinisikia vizuri sana. Alikwenda akakopa hela, akanunua mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya, karanga na dagaa, akachanganya vyote, akapeleka mashine kusaga. Unga wa vitu saba! Aliporudi mwezi uliofuata alinionyesha hadi picha ya ndoo kwenye simu, ana furaha. Nikamweka mtoto kwenye mzani: kilo 6.4. Na anaharisha.

Jamani, nilichokifanya sitakisahau. Nilimgombeza. Nilimwambia, "Wewe mama unamlisha kweli huyu mtoto?" Mbele ya watu. Akainamisha kichwa, akaanza kulia bila sauti.

Posti ya 3

Mungu si Athumani. Siku ile tulikuwa na mgeni, dada mmoja mtaalamu wa lishe ambaye pia anafundisha chuo kikuu. Alikuja na wanafunzi wake wanne kwa mafunzo ya vitendo. Alikuwa ananisikiliza kutoka pembeni. Hakunisahihisha pale pale, na namshukuru kwa hilo. Alikwenda akakaa kwenye benchi karibu na yule mama, akaomba ambebe mtoto, ndipo akauliza:

"Mama, jana huyu bibie alikula nini? Anza alipoamka."

Swali hilo tu. Mimi kwa miaka yangu yote kliniki sikuwa nimewahi kuliuliza hivyo.

Yakaanza kutoka. Asubuhi mama anatoka saa kumi na moja kwenda kufungua genge. Mtoto anabaki na bibi. Bibi anampa uji saa nne, anampa tena jioni, basi. Uji wenyewe bibi anauongezea maji kwa sababu ule unga ukiiva unakuwa mzito, naye anaogopa mtoto atapaliwa. Kwa hiyo mtoto anakunywa maji yenye rangi ya uji, mara mbili kwa siku. Tumbo linajaa, anaacha kulia, bibi anajua ameshiba.

Mtaalamu akauliza, "Soya uliikaanga au uliichemsha kabla ya kusaga?" Hapana, ilisagwa mbichi. "Unga una muda gani?" Wiki ya tano, kwenye ndoo, karanga ndani.

Mnaona? Mama alikuwa analisha, tena kwa hela ya mkopo. Shida ilikuwa kwenye ile sentensi yangu ya "lishe bora", ambayo haikumwambia kitu.

Posti ya 4

Sasa nieleze kidogo, maana najua nusu yenu huo unga wa vitu saba mko nao jikoni sasa hivi.

Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini. Joto la kutosha ndilo linaloviharibu. Ukiisaga mbichi ukaja kupika uji wa haraka haraka, umemwongezea mtoto kazi, na tumbo linaweza kuchafuka. Karanga ukizisaga na kuziweka muda mrefu mafuta yake yanaharibika, na zikiwa hazikukauka vizuri zinashika ukungu unaotoa sumukuvu. Sumukuvu si mchezo. Mwaka 2004 huko Kenya, upande wa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100. Mwaka 2016 na sisi tukapata msiba wetu Dodoma na Manyara.

Kisha kuna nafaka. Mahindi, mchele, ulezi na ngano vyote ni kundi moja. Ukivichanganya vinne hujampa mtoto vyakula vinne, umempa kitu kilekile mara nne.

Yule dada alimwambia mama asage nafaka moja tu, mahindi au ulezi. Uji uwe mzito kiasi kwamba ukiinua kijiko haumwagiki haraka. Uongezwe kijiko kidogo cha mafuta ya kula. Dagaa wa mia tano waoshwe, wakaushwe, wasagwe peke yao, waongezwe wakati wa kupika. Mchana mtoto apewe chakula kilekile cha nyumbani, maharage yapondwe, mchicha ukatwe mdogo mdogo. Yai likipatikana, lipite kwa mtoto kwanza kabla ya baba. (Akina baba, mtusamehe.)

Halafu akafanya kitu ambacho mimi nisingekikumbuka. Alimwomba mama ampigie bibi simu, akaongea naye mwenyewe. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Hakumwambia bibi amekosea. Alimuuliza zamani waliwalisha vipi watoto, wakacheka, ndipo akamwomba aongeze mara mbili za kumlisha katikati ya mchana na asimwagie uji maji. Bibi akakubali mwenyewe.

Mwezi uliofuata mzani ulisoma kilo 6.9. Niliandika kwenye kadi huku mkono unatetemeka. Kisha nikamwomba yule mama msamaha, mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipomvunjia heshima.

Posti ya 5

Ndiyo maana nasema hatutoshi. Muuguzi anajua mtoto hakui. Daktari anajua kama kuna ugonjwa. Mtaalamu wa lishe ndiye aliyefundishwa kuuliza kilichotokea kati ya mfuko wa unga na mdomo wa mtoto. Huo ni ujuzi kamili, na watu wanausomea.

Pale Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, SUA, kuna shahada ya lishe ya binadamu. Kenya wanasoma Nairobi, Kenyatta, JKUAT, na wenzetu wana sheria ya mwaka 2007 inayosimamia taaluma hiyo, na taasisi ya kusajili wanaoifanya. Wanasoma kemia ya mwili, magonjwa, vyakula, takwimu, namna ya kuongea na watu, halafu wanapelekwa vijijini na hospitalini. Anayefikiri ni kozi ya mapishi aende akashike mitihani yao kwanza.

Hospitali nako kazi yao si kugawa uji wodini. Chukulia mtoto mwenye utapiamlo mkali, miguu imevimba, hataki kula. Moyo wa mama unasema ajazwe chakula, nyama, maziwa, kila kitu. Ukifanya hivyo siku ya kwanza unaweza kumuua. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu haubebi mzigo ghafla, chumvichumvi za damu zinavurugika na moyo unashindwa. Ndiyo maana anaanzishiwa maziwa maalumu yanayoitwa F-75, yenye nguvu ndogo, kidogo kidogo usiku na mchana. Akitulia na hamu ya kula ikirudi ndipo anahamishiwa F-100 au chakula dawa cha karanga kwenye pakiti. Kiasi kinapigiwa hesabu kwa uzito wake. Hiyo hesabu inataka mtu aliyesomea.

Bado sijamtaja mgonjwa wa sukari, wa figo, mjamzito mwenye damu ndogo, na mzee aliyetoka kwenye kiharusi hawezi kumeza. Wote hao tunawaambia nini? "Kula vizuri." Haya, vizuri ndiyo vipi?

Posti ya 6

Sasa nije kwa mwalimu wa lishe, kwa sababu yule dada angeweza kukaa ofisini akahudumia watu kumi kwa siku. Kwa kufundisha, kila mwaka anatoa watu wengine wa kwenda kukaa kwenye benchi.

Siku ile nilimwona akifundisha. Mwanafunzi mmoja alikuwa anamweleza mama mwingine: "protini, wanga, virutubishi vidogo..." Mama anaitikia "ee, ee", macho yako mlangoni. Mwalimu akamsimamisha. "Rudia, lakini usitumie neno protini." Kijana akakwama kabisa, jasho likamtoka. Akahangaika, mwishowe akasema, "Mama, kwenye uji wake weka kitu kimoja kilichotoka kwenye mnyama, samaki au mti wa maharage." Mama akajibu palepale, "Aa, dagaa ninao!"

Nilijifunza zaidi dakika ile kuliko semina nyingi nilizokaa.

Hii taaluma ina mizizi hapa kwetu, msidhani imeletwa jana. Michael Latham alizaliwa Kilosa mwaka 1928, akawa daktari, akafanya kazi Tanganyika na kuongoza kitengo cha lishe cha wizara ya afya. Mwaka 1965 FAO walitoa kitabu chake cha lishe kwa Afrika ya tropiki. Baadaye akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwa miongo kadhaa, huku akitetea maziwa ya mama dhidi ya makampuni ya maziwa ya kopo, na akifanya utafiti pwani ya Kenya kuhusu minyoo na ukuaji wa watoto wa shule. Alifariki mwaka 2011. Kazi yake ilianzia kwa wagonjwa wa huku, halafu akaibeba hadi darasani.

Posti ya 7

Na kuna Iringa. Hii naomba msome taratibu.

Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe Iringa, serikali pamoja na UNICEF na WHO, kwenye vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, matokeo yakasomwa mbele ya kijiji. Kijiji chenyewe kikauliza: kwa nini hawa wameshuka? Mama yuko shambani mchana kutwa? Hakuna wa kuwalisha? Maji? Malaria? Wakaamua, wakatenda, wakapima tena. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya 2. Mtindo ule wa kuuliza sababu ukaja kutumika duniani kote kupitia UNICEF. Umetoka kwetu!

Sasa tazama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 unaonyesha watoto 30 kati ya 100 wenye chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Na mkoa unaoongoza ni Iringa huohuo, zaidi ya nusu ya watoto. Njombe na Rukwa wanafuata, karibu nusu.

Iringa! Mahindi yanatoka huko, viazi vinatoka huko, maharage, maziwa. Kupima uzito na kupima kimo ni vitu viwili, kwa hiyo siwezi kusema kazi ya miaka ile ilipotea. Ila mimi nasoma jambo moja hapo: chakula kuwa ghalani hakumaanishi kimefika kwa mtoto, na maswali yale hayaulizwi mara moja ukamaliza. Kila kizazi cha akina mama kinahitaji mtu wa kuja kukaa naye na kuuliza tena.

Posti ya 8

Najua mtaniambia nini. Nianze na lile la kwanza: "Sista, bibi zetu hawakusoma lishe na tulikua." Tulikua sisi tuliobaki. Muulize bibi yako alizaa wangapi na alizika wangapi, umuulize kwa upole. Na bibi alikuwa na vitu ambavyo wewe huna: alikuwa nyumbani, alikuwa na ng'ombe au bustani, hakuwa na juisi ya pakiti na biskuti za kumnyamazishia mtoto.

La pili: "Watu hawana hela, huyo mtaalamu atafanya nini?" Hili ni zito na silipingi. Ushauri haujazi sufuria. Kuna nyumba ambazo tatizo ni kipato na hakuna somo litakalolitibu. Lakini yule mama wa genge alitumia hela nyingi kwenye unga wa vitu saba kuliko alivyotumia kwenye dagaa. Maskini ndiye anayeumia zaidi akishauriwa vibaya, kwa sababu hana hela ya kukosea mara mbili.

La tatu: "Wataalamu wa lishe wenyewe wako mtandaoni kibao." Hapo ndipo pananiuma. Mtu anauza poda ya kuongeza uzito wa mtoto, ya kusafisha tumbo la mama aliyejifungua, ya kuongeza maziwa, anajiita "dokta wa lishe". Dalili zake ni rahisi. Anakupa jibu kabla hajakuuliza swali. Dawa yake ni ileile kwa watu wote. Na jibu lake daima lina bei na namba ya kutuma hela. Mtaalamu wa kweli atakuuliza umri, uzito, ugonjwa, unaishi na nani, unapika nini, halafu mara nyingi atakutuma sokoni kwako kulekule. Muulize amesoma chuo gani na anafanya kazi wapi. Akikasirika, umeshapata jibu.

Posti ya 9

Kwa hiyo mama uliyeniuliza kuhusu binti yako: mwache akasome. Sitakudanganya kwamba ajira zinamsubiri mlangoni. Nawajua vijana wenye shahada ya lishe wanaouza vocha, na nazijua wodi ambazo hazijawahi kumwona mtaalamu wa lishe. Hiyo kwangu ni aibu ya pande mbili: tumewasomesha, na tunawahitaji, halafu hatuwakutanishi.

Hapa nasema na wakubwa. Kila halmashauri inatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Shilingi elfu moja, kwa mwaka! Hiyo ni soda na andazi. Ikitengwa itolewe yote, na itumike kumfikisha afisa lishe kwenye benchi la kliniki, isiishie kwenye vikao na maji ya chupa. Afisa lishe mmoja bila usafiri hawezi kuhudumia vijiji vyote vya wilaya, hata awe na shahada tatu. Na wauguzi tunaosomeshwa leo wapewe vipindi vya kutosha vya lishe, wafundishwe na hao hao waalimu, ili asitokee mwingine wa kumgombeza mama kama nilivyofanya mimi.

Posti ya 10, ya mwisho

Nyie mfanye nini? Machache tu.

Miezi 6 ya kwanza, maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Kuanzia miezi 6 hadi 8, chakula mara 2 hadi 3 kwa siku. Miezi 9 hadi 23, mara 3 hadi 4, na vitafunwa kama ndizi au parachichi mara 1 au 2 katikati. Endelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Sahani iwe na vitu vya makundi tofauti, si nafaka nne.

Ukiona miguu yote miwili imevimba, ukibonyeza kidole panabaki shimo, usisubiri siku ya kliniki. Utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, hivyo hivyo, nenda siku hiyohiyo.

Na safari ijayo kliniki, uliza kwa heshima: "Afisa lishe anakuja siku gani?" Uliza kila mwezi. Tukiulizwa na mama mmoja tunasahau. Tukiulizwa na mama arobaini, mganga mfawidhi ataandika barua.

Na kama muuguzi atakuambia tu "mpe lishe bora" akaita anayefuata, usinyanyuke. Mwambie, "Sista, naomba uniulize jana nilipika nini." Akikununia, mwambie umetumwa na mimi.

Haya, nieleze kwenye komenti: jana mtoto wako alikula nini, kuanzia alipoamka? Hakuna atakayegombezwa hapa. Nitasoma zote nikitoka zamu ya usiku.